Kaka yangu anauguza mke ambaye hatapona. Nimsaidieje?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni mtoto wa mwisho kwetu, naishi Mbagala na nauza duka la mtu Kariakoo. Kaka yangu mkubwa ni mwalimu Sengerema. Mke wake ana saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka jana alipigwa mionzi akapata nafuu, lakini imerudi, na madaktari wamesema hakuna tena tiba ya kuiondoa, akae nyumbani atulizwe maumivu. Wana watoto wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume miaka 6. Kaka amebadilika sana. Simu hapokei, na akipokea anasema "tunaendelea vizuri" kisha anakata. Jirani yake ameniambia anarudi usiku na ananuka pombe. Shangazi zetu wameitisha kikao Jumamosi ya wiki ijayo, wanataka wifi arudishwe kwao Bunda akauguzwe na mama yake. Mmoja ameanza kusema kaka atafutiwe mtu wa kumpikia. Kuna na maneno ya chini chini kwamba ugonjwa huu unaletwa na umalaya. Natuma hela kila nikipata lakini sioni zinabadilisha nini. Likizo yangu iliyobaki ni siku saba tu. Nimsaidieje kaka yangu, na nimwambie nini?
Mtoto wa mwisho, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole, na nakupa wewe kwanza, maana watu wakitoa pole humpa mgonjwa na mume wake, dada wa mume hakumbukwi.

Kazi yangu ni uuguzi wa tiba shufaa, yaani kumhudumia mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena ili siku zake zipite bila maumivu na bila kudhalilika. Ndugu wengi wanaotuandikia huuliza maneno: nimwambie nini. Nitafika huko. Ila nikisoma barua yako naona kaka yako hajapungukiwa maneno. Amepungukiwa mikono ndani ya chumba kile, na amekosa mtu wa upande wake wa kuwaambia wazee kwamba mke wake haondoki bila ridhaa yake. Yote mawili wewe unayaweza kuliko ndugu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ni wifi. Neno la wifi lina uzito kwenye kikao cha ukoo, na wifi anaweza kuingia bafuni na mgonjwa mahali ambapo shemeji hawezi hata kusogelea mlango.

Tuanze na kikao, kwa kuwa tarehe imeshapangwa.

Kumrudisha mke mgonjwa kwao ni jambo la tangu zamani, na si kila anayelisema ana roho mbaya. Shangazi zako wanamwona mwanaume anayefundisha kutwa, watoto wadogo, na mgonjwa wa kuogeshwa na kugeuzwa. Wanajua pia kwamba mama mzazi hamchoki mwanawe. Wapo wanawake wanaoomba wenyewe kurudi kwa mama zao, wakienda roho zao hutulia. Kwa hiyo kuna swali linalotangulia yote, na nina wasiwasi halijaulizwa: wifi yako mwenyewe anataka kuwa wapi? Muulize mkiwa wawili tu. Asiulizwe mbele ya kikao, kwa sababu mbele ya wakwe atajibu "popote mtakapoona panafaa", na kila mtu atasikia anachotaka kusikia.

Akisema kwao, aende mapema wakati bado anaweza kukaa garini, na ratiba ya mume na watoto kumfuata ipangwe kabla hajaondoka. Akisema anataka kubaki na wanawe, basi anayesafiri ni mama yake. Toka Bunda hadi Sengerema ni safari ya siku moja, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kungoja kivuko. Nauli ya mama mmoja na chakula chake ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kumsafirisha mgonjwa anayetoka damu. Mkwe kulala kwa mkwewe kwa wengine ni mwiko, najua. Hilo lisemwe wazi na atafutiwe chumba kwa jirani; nimeona likifanyika mara nyingi na mila haikuanguka.

Kikaoni usiende na hasira. Sema kwa ufupi: "Shangazi zangu, nawaheshimu. Nimemuuliza wifi, anaomba abaki na watoto wake. Kaka naye hajaomba aondoke. Naomba mama yake aje, na chakula chake nitakilipia mimi." Kisha kaa. Ukianza kutoa hoja nyingi watajibu hoja, lakini mtu aliyesema atalipia ni vigumu kumbishia. Na yule shangazi wa "mtu wa kumpikia" usimjibu pale. Mfuate kwake kesho yake, umwombe awe anawapokea watoto wakitoka shule Jumatatu na Alhamisi. Wasemaji wakubwa kwenye ugonjwa mara nyingi ni watu ambao hawajapewa kazi.

Sasa pombe na kuchelewa. Naona umeanza kumhukumu, subiri kidogo. Saratani hii ikifika hapa huleta maumivu ya kiuno na mgongo yanayoshuka mguuni, huleta damu, na huleta uchafu wa ukeni wenye harufu kali. Mwanaume aliyelelewa kwetu hajafundishwa kushika hata kimoja kati ya hivyo. Nyumba ni ndogo, watoto wamelala chumba cha pili, mke analia saa nane usiku na yeye hana cha kumpa zaidi ya panadoli. Mtu wa namna hiyo atajitafutia sababu ya kubaki kijiweni. Wengi niliowaona wakichelewa walianza kurudi jioni siku maumivu yalipotulia na chumba kilipoacha kunuka, bila mtu yeyote kuwahubiria. Ndiyo maana nakuomba usianze na pombe. Anza na maumivu.

Muulize kaka mgonjwa anatumia dawa gani. Akitaja panadoli na diklofenaki za duka la dawa, hapo ndipo pa kushika. Diklofenaki na aibuprofeni kwa mgonjwa huyu ni hatari: uvimbe wa mlango wa kizazi ukikua hubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na dawa hizo huzidi kuzichosha figo ambazo tayari zina shida. Dawa inayofaa kwa maumivu makali ni mofini ya maji ya kunywa. Kwa mtu wa Sengerema pa kuanzia ni kliniki ya saratani iliyompiga mionzi, na kama ni hospitali ya Bugando kule Mwanza, siku hizi unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Pigeni simu kwanza muulize kama ndugu anaweza kuichukua akiwa na faili lake, mgonjwa asiburuzwe bure.

Utasikia kwamba mofini ni dawa ya kifo, au itamfanya teja. Mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, hageuki teja, wala haimharakishi kufa. Sifa hiyo mbaya inatokana na watu kuanzishiwa siku mbili kabla ya kufa, basi dawa ikabeba lawama. Hunywewa kila baada ya saa nne hata kama kwa wakati huo haumwi, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi kubwa. Ratiba tunayoitumia sana ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na ile ya saa 4 usiku daktari huiandika mara mbili ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Jambo lisilozoeleka ni choo kigumu: aliyepewa mofini bila dawa ya kulainisha choo amepewa nusu ya tiba, mkaidai nyingine. Na kwa sababu ya figo nilizozitaja, akianza kusinzia kupita kiasi, kuweweseka au kushtukashtuka misuli, mpigie daktari apunguze kipimo. Msiiache ghafla kwa uamuzi wenu.

Harufu inatibika pia, na hili watu wengi hawaambiwi. Muulizeni muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazoli: husagwa vikawa unga, ukawekwa sehemu yenye kidonda kwa jinsi atakavyowaonyesha, na ndani ya siku chache tofauti huonekana. Beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda hunyonya harufu ya chumba. Uvumba na manukato havisaidii, vinachanganyika na harufu ile na mgonjwa ndiye anayeteseka zaidi. Juu ya godoro tandikeni makintoshi, ule mpira usiopitisha maji, juu yake kanga zilizokunjwa. Kama anavuja mkojo, ngozi ipakwe mafuta mgando kila baada ya kusafishwa, la sivyo itachubuka, na huko ndiko maumivu mapya yanakozaliwa. Damu ya kutoka kidogo kidogo iripotiwe kliniki kwa sababu zipo dawa za kuipunguza, na wakati mwingine dozi moja tu ya mionzi huikausha. Ila muwe na kanga chache nyekundu au za rangi nzito karibu na kitanda. Ikitokea damu nyingi kwa ghafla, kitu cha kwanza ni kumfunika kwa hizo, kumshika mkono na kuwatoa watoto chumbani. Damu kwenye shuka jeupe inatisha mara kumi zaidi.

Kumwogesha ni kazi yako siku utakazokuwepo. Omba ruhusa: "Wifi, nikuogeshe?" Akikataa, omba kufua kanga zake. Kesho omba tena. Kati ya mawifi kuna mambo ya zamani, na sijui yenu yalikuwaje, lakini mgonjwa anayanusa. Kama uliwahi kumsema, mwombe radhi kwa sentensi moja na muendelee na maji ya moto.

Kaka yako usimwache nje ya haya. Mfundishe kazi moja, na mimi ningechagua dawa ya saa 4 usiku pamoja na kumlainisha midomo kwa pamba yenye maji. Mpe daftari aandike saa na kipimo; ni mwalimu, daftari analijua. Akishaweza peke yake, usisimame nyuma yake kumsahihisha.

Simu hapokei kwa sababu kila anayepiga anauliza "mgonjwa anaendeleaje?" Hebu hesabu ndugu zenu wote, walimu wenzake na watu wa kanisani au msikitini. Kila jibu analazimika kuulezea ugonjwa upya, kisha amfariji aliyepiga. Mwondolee mzigo huo. Mwambie kuanzia leo habari za mgonjwa atakuwa anakupa wewe, na wewe utaziandika kwenye kundi la ukoo kila Jumapili jioni, kwa maneno ambayo yeye na mke wake wameyakubali. Anayetaka zaidi akupigie wewe. Huu ni msaada unaoweza kuutoa ukiwa Mbagala bila kupanda basi, na katika yote niliyoandika huenda ndio utakaomgusa haraka zaidi.

Na unapompigia, uliza habari zake yeye. "Jana ulilala saa ngapi?" ni swali zuri. "Umekula nini leo?" pia. "Nikusaidie nini?" ni swali baya ingawa linatoka moyoni, kwa sababu linampa kazi ya kufikiri na kuomba, na mwanaume wa kwetu haombi. Mwambie kitu ambacho tayari umeamua: "Kuanzia mwezi huu pampasi za wifi nitazituma mimi, usizinunue tena." Hela unazotuma sasa zinayeyuka kwenye matumizi ya nyumba na yeye mwenyewe hajui zimefanya nini, ndiyo maana hata wewe huzioni. Chukua kitu kimoja ukibebe chote hadi mwisho, kiwe pampasi, mkaa, au mshahara wa binti wa kazi.

Mazungumzo mazito usiyafanyie sebuleni mkitazamana. Tembeeni. Nenda naye dukani, au mkachote maji, macho yenu yawe mbele. Muulize anaogopa nini zaidi, halafu nyamaza hata kama kimya kitakuchoma. Huenda akasema anaogopa kumkuta amekufa asubuhi na watoto wako pembeni. Huenda akasema anatamani iishe, kisha akajiona mwuaji. Hilo la pili ni la kawaida kabisa kwa mtu anayeuguza kwa muda mrefu, na unaweza kumwambia hivyo, kwamba anatamani mateso yaishe. Usimwambie ajikaze yeye ni mwanaume. Usimwambie Mungu ana makusudi yake. Anayajua hayo maandiko, na akitaka kuyatamka atayatamka mwenyewe. Akilia usimnyamazishe.

Pombe muiongelee baada ya hapo, na muiongelee kama habari ya usiku na dawa: "Kaka, ile ya saa 4 usiku inahitaji mtu asiyelewa." Lakini akifikia kusema hana haja ya kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuwaaga watu, hilo haliwezi kungoja ratiba ya mazungumzo. Asiachwe peke yake, mtu mzima wa karibu akae naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maneno ya umalaya yakate mwenyewe, tena kwa ukali kidogo, maana wifi yako hawezi kujitetea. Saratani hii husababishwa na virusi viitwavyo HPV ambavyo karibu kila mtu anayefanya ngono hukutana navyo wakati fulani, akiwemo aliyekuwa na mtu mmoja maisha yake yote. Kutoka kuambukizwa hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Hakuna daktari wala mganga awezaye kusema vilitoka kwa nani, na pengine vilikuwepo kabla ndoa haijafungwa. Kaka yako naye anaweza kuwa anajiuliza usiku kama ni yeye aliyemletea. Mpe jibu hili hili hata kama hajauliza.

Na kwa kuwa tumefika hapo: binti ana miaka 11. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Angalia kadi yake. Kama hajachanjwa, mpeleke kituo cha afya ukiwa huko. Mama yake akiambiwa kwamba limefanyika, utaona mwenyewe atakavyolipokea.

Watoto wanajua zaidi ya mnavyodhani. Wa miaka 11 anasikia usiku. Wa miaka 6 anaweza kuamini kwamba mama ameugua kwa sababu alimkasirisha. Waambiwe na baba yao, wewe ukiwa pembeni, kwa maneno ya wazi: mama ana ugonjwa mkubwa, madaktari wamejaribu, dawa sasa ni za kumtuliza, na atakufa; haikusababishwa na mtu, wala wao hawawezi kuambukizwa kwa kulala karibu naye. Msiseme atasafiri. Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri atakaa mlangoni akimngoja. Mwalimu wa darasa naye ajulishwe. Shule ya kaka yako si lazima iwe shule ya watoto wake. Na binti asigeuzwe muuguzi. Akipenda kumchana mama nywele, vizuri, lakini pampasi na dawa ni za watu wazima.

Kuhusu hela na karatasi nitasema machache. Atatokea mtu mwenye dawa ya mitishamba ya bei ya kiwanja, au ndugu atakayesema India wanaponya. Kabla hamjauza chochote, muulizeni daktari anayemtibu swali hili kwa maneno haya: itampa nini, kwa muda gani, na akikosa atapoteza nini? Kaka yako akiwa mtumishi wa umma, mke ni mtegemezi wake kwenye bima ya afya, hivyo zitumike huduma zilizomo humo kwanza. Na wifi ana vyake: hisa za kikoba, hela kwenye simu, pengine kiwanja kwa jina lake. Vyote hivyo ni vya kuandikia wosia akiwa na akili timamu, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hutunza wosia kwa anayetaka. Anayepaswa kumgusia ni mumewe au mtu anayemwamini. Wewe ukiligusia litaonekana ni ukoo unakuja kuhesabu mali.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini husahau. Ulizeni kama mahari ilikwisha. Familia nyingi zimejikuta na mwili mochwari wakati wakwe wanadai ng'ombe waliobaki kabla ya kuruhusu mazishi, na mume anasimama katikati akiwa mjane wa siku moja. Kama kuna deni, mzee wa kwenu aende Bunda sasa hivi akaongee, hata kama ni kulipa sehemu na kuahidi. Safari hiyo hiyo iulize pia wifi atazikwa wapi, baada ya yeye mwenyewe kusema anapotaka.

Siku za mwisho kwa ugonjwa huu mara nyingi huja kwa figo kushindwa. Mkojo hupungua, miguu huvimba, halafu usingizi unakuwa mrefu kuliko kukesha. Kwa wengi hiki ni kifo cha utulivu, kama maumivu yameshughulikiwa. Ataacha kula. Bibi yeyote atakayekuja atataka kumnywesha uji kwa nguvu, mzuieni kwa upole, kwa sababu mtu anayesinzia anaweza kupaliwa uji ukaingia mapafuni, na mwili unaofunga haudai chakula. Mdomo ulainishwe tu. Pumzi zitabadilika, zitasimama na kuanza tena, pengine zitakoroma kooni. Mlazeni ubavu, na mwambieni kaka kwamba sauti ile inawaumiza wanaosikia kuliko anayeitoa. Endeleeni kuongea naye, maana masikio huonekana kuwa ya mwisho kuzima. Amueni mapema, kaka na wifi wakiwepo, kama hali ikibadilika usiku atakimbizwa hospitali au atabaki kitandani kwake. Walioamua hawakurupuki.

Mwambie kaka asiimalize likizo yake ya mwaka, ile ya siku 28, kwa sasa hivi akiwa bado anaweza kutoka asubuhi mama mkwe akabaki na mgonjwa. Aongee na mwalimu mkuu aitunze kwa wakati usingizi utakapoanza kurefuka. Ninyi mlio mbali mtaitwa hapo pia, na ni vyema muitwe siku moja kabla kuliko saa moja baada.

Akishafariki, mofini iliyobaki irudishwe hospitali, isikae kabatini na watoto ndani ya nyumba. Kisha itakuja hoja ya kugawana watoto, wa kike kwa shangazi huyu, wa kiume kwa bibi yule. Hapo wewe, wifi wa marehemu, unarudi kuwa na kazi. Watoto waliopoteza mama wasipotezane wao kwa wao wala wasimpoteze baba. Kama ni lazima waondoke kwa muda, waondoke pamoja, na tarehe ya kurudi ijulikane. Habari za kuoa tena ni zake. Asiharakishwe, na siku akiamua mwenyewe, hata kama ni mapema kuliko ulivyotegemea, usiwe wewe wa kumhesabia miezi.

Swali lako la siku saba. Usizitumie zote kwa mara moja. Chukua nne sasa, ufike kabla ya kikao ili umuulize wifi, uogeshe, upeleke binti kuchanjwa na umfundishe kaka daftari la dawa. Tatu zilizobaki zifiche. Wengi wangekwambia uzitunze kwa ajili ya msiba, mimi nakwambia hapana: msibani kutakuwa na watu wa kutosha, na kwa mazishi tajiri yako atakupa ruhusa. Zitumie wiki ya tatu baada ya kuanua matanga, wakati maturubai yameshaondolewa, wapishi wameondoka, na kaka yako anarudi kutoka shule kupika ugali wa watu watatu. Nenda bila kualikwa, umwambie siku utakayofika na basi utakalopanda.